Siku moja vijijini Baringo: Pesa zako humfikia nani?

Kila shule zinapofungwa wazazi wengi wa mijini hukuna vichwa wakijiuliza watoto wawapeleke wapi. Mbuga ya Ziwa Nakuru wameshaiona, pengine mara mbili, wakiwa ndani ya basi la shule. Mombasa ni mbali na gharama zake si haba. Hapo ndipo mtu huanza kusikia habari za safari za siku moja zinazoondoka mjini Nakuru alfajiri kuelekea Baringo na kurudi kabla ya giza kuingia. Unalipa, unapanda gari, unapewa mwongozaji. Unaonyeshwa chemchemi za maji moto, heroe, viboko, na mwisho kabisa unaonyeshwa kijiji.

Kijiji hicho ndicho kilichonifanya nishike kalamu wiki hii. Kiboko hajali umemtazama vipi, na chemchemi itaendelea kutokota uwepo usiwepo. Lakini kijiji ni kwa watu. Mtu akikuletea kundi la wageni uani kwako huko Section 58 au Kiamunyi, wakapiga picha sufuria zako na watoto wako kisha wakaondoka bila hata kukuuliza jina, ungesemaje?

Biashara hii si ya Kenya pekee. Kule Mexico, meli kubwa za watalii hutia nanga katika bandari kama Cozumel na Progreso, na abiria hupandishwa mabasi kwenda kuona vijiji vya Wamaya. Wana saa chache tu, kwani meli haimsubiri mtu. Mombasa nako, meli za aina hiyo zikifika, mabasi huwa tayari. Mgeni ana haraka, mwenye basi anajua hivyo, na mwenyeji wa kijiji ndiye wa mwisho kuulizwa anataka nini. Sisi wa Nakuru hatuna meli ya kutuharakisha, na zaidi ya hayo tunazungumza Kiswahili na hao tunaowatembelea. Hatuna kisingizio.

Tuanze na njia yenyewe, maana hata hiyo ina utamu wake. Kutoka Nakuru hadi Marigat ni kama kilomita 100, lami tupu. Ukitoka mjini unaacha mlima Menengai upande wako wa kulia, unapita Kabarak alikozikwa Rais mstaafu Daniel arap Moi mnamo Februari 2020, kisha unaingia katika mashamba ya makonge karibu na Mogotio. Hapo Mogotio unavuka ikweta. Simameni, watoto waweke mguu mmoja kusini na mwingine kaskazini, maana hiyo ni jiografia ambayo hawataisahau siku ya mtihani. Baada ya hapo barabara huanza kuteremka. Nakuru iko mita zipatazo 1,850 juu ya usawa wa bahari na Marigat iko chini yake kwa zaidi ya mita 700, kwa hivyo lile sweta ulilovaa alfajiri litakuwa mzigo kabla ya saa nne. Miti inapungua urefu, miiba inaongezeka, na mbuzi wanaanza kumiliki barabara. Dereva asiyemheshimu mbuzi wa Baringo atajuta.

Wengi huanzia Ziwa Bogoria, na ni busara kufanya hivyo kabla jua halijakuwa kali. Ziwa hili lina chumvi, na kandokando yake maji moto huruka kutoka ardhini kwa mvuke na kelele. Ni desturi ya wageni kuchemshia mayai pale, na watoto hupenda sana, ila washikwe mikono, maana ardhi ya hapo ni laini na maji hayana mzaha. Heroe, wale ndege wa waridi ambao wengi tunawaita flamingo, huonekana hapa kwa wingi katika baadhi ya majira kuliko Ziwa Nakuru, ambalo maji yake yalipoongezeka baada ya 2010 yalipunguza nguvu ya chumvi na chakula cha ndege hao. Tandala wakubwa pia wako, ingawa ni wenye haya. Mnamo 2011 shirika la UNESCO liliingiza maziwa ya Bogoria, Nakuru na Elementaita katika orodha ya urithi wa dunia.

Hayo mwongozaji yeyote atakuambia. Muulize sasa, kabla ya hifadhi hii walikuwa wakiishi nani hapa? Ukiona anababaika au anakuonyesha ndege mwingine, jua umeuziwa nusu ya safari.

Jibu ni kwamba hii ilikuwa nchi ya Waendorois, jamii ya wafugaji. Eneo hili lilitangazwa kuwa hifadhi ya wanyama mnamo 1973, wakati ziwa likiitwa Hannington, jina la yule askofu Mwingereza aliyeuawa Busoga mnamo 1885. Waendorois walitolewa. Walipoteza malisho na miamba ya chumvi ya mifugo, wakapoteza pia mahali pao pa matambiko, kwa kuwa ziwa hilo kwao ni patakatifu. Mnamo 2003 kesi yao ilifikishwa mbele ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Uamuzi ulitolewa mwishoni mwa 2009 na kuidhinishwa na Umoja wa Afrika mapema 2010. Serikali ilitakiwa kuwarudishia ardhi ya mababu, kuwalipa fidia na kuwapa sehemu ya mapato, pamoja na kuwaachia njia ya kufika ziwani kwa ibada na malisho. Ilikuwa mara ya kwanza tume hiyo kutoa uamuzi wa namna hiyo kwa jamii ya wenyeji wa asili, na wanasheria wa nchi nyingi huutaja hadi leo. Utekelezaji wake, hata hivyo, umekwenda mwendo wa kobe.

Sasa fikiria, msomaji. Unapolipa kiingilio langoni, unaingia mahali ambapo watu waliwahi kufukuzwa, na wajukuu zao ndio hao wanaokuuzia maji ya chupa nje ya lango. Sisemi usiingie. Ingia, lipa, udai risiti. Lakini chukua mwongozaji wa papo hapo, kijana wa Loboi au vijiji vya jirani, hata kama gari lako limekuja na mwongozaji wake kutoka mjini. Kijana huyo atakueleza ziwa lile kama mtu anavyoeleza nyumba ya babu yake. Atakuonyesha pia sehemu ambako barabara ya zamani ya ufukweni imezama na chemchemi zilizofunikwa na maji, kwani Bogoria nalo limepanda.

Kutoka hapo mnarudi Marigat kwa chakula cha mchana. Ugali, samaki wa kukaanga au mbuzi wa kuchoma, na chai ya maziwa hata kama joto linakuchoma. Mji wenyewe hauna mengi ya kutazama. Ila tazama pembeni mwa barabara uone kichaka cha kijani kilichosongamana mahali ambapo kila kitu kingine kimekauka. Huo ni mmea wa mathenge. Uliletwa Baringo mapema miaka ya 1980 na mradi uliosaidiwa na shirika la FAO la Umoja wa Mataifa, kwa nia njema ya kuzuia jangwa na kupata kuni. Ulienea hadi ukameza malisho. Maganda yake ni matamu, mbuzi huyapenda, na sukari yake huozesha meno yao. Katikati ya miaka ya 2000 Wailchamus waliishtaki serikali na kumpeleka mbuzi kibogoyo mahakamani awe ushahidi. Magazeti yalicheka sana wakati huo, lakini mwenye mbuzi asiyeweza kutafuna hakuwa na la kuchekesha.

Kilomita kama 20 kaskazini mwa Marigat ndipo penye Kampi ya Samaki, kwenye Ziwa Baringo. Hili ni ziwa la maji baridi, rangi yake kama chai ya maziwa kwa sababu ya udongo unaoletwa na mito. Hapa utawakuta Wailchamus, ambao wengine huwaita Wanjemps, watu wa lugha ya Kimaa wanaofuga kama Wamaasai lakini tofauti nao huvua samaki pia. Utawaona wavuvi wakikaa juu ya vyombo vidogo vilivyofungwa kwa mti mwepesi unaoota kandokando ya ziwa, miguu nusu majini, huku mamba na viboko wakiwa majirani. Wewe usijaribu. Panda mashua ya injini, na kabla hujakanyaga ndani hesabu jaketi za kujiokoa. Zikipungua hata moja, shuka.

Katikati ya ziwa mwendesha mashua atakuonyesha mchezo maarufu. Huchukua samaki mdogo, humchomeka kijiti chepesi ili aelee, hupiga mluzi, kisha humtupa majini. Tai mvua samaki aliyekuwa ametulia juu ya mti mbali kule hunyanyuka, huja kwa kasi na kumnyakua samaki mbele ya macho yenu. Watoto hupiga mayowe ya furaha. Ni maigizo, na tai mwenyewe anajua. Sioni ubaya wowote kwake, maana tai amekula na mwenye mashua amepata riziki. Ubaya huanza pale mluzi huo unapopigiwa binadamu.

Nimeuona ukipigwa. Mwaka mmoja nilijiunga na kundi lililotoka Nakuru na kampuni ambayo sitaitaja. Jua lilipoanza kuinama dereva alisimamisha gari karibu na maboma fulani, akapiga honi mara tatu. Wakatoka akina mama kama wanane wakijifunga shanga mbiombio, mmoja akiwa bado na unga mikononi. Wakaimba nyimbo mbili. Sisi tukapiga picha. Mtoto akasukumwa mbele asimame na mwanafunzi mmoja wa chuo, akalia, akasukumwa tena. Mwongozaji akatuambia kwamba hivi ndivyo watu hawa wanavyoishi, ingawa nyuma ya boma niliona pikipiki na sahani ya televisheni, ambazo hakuna aliyetuelekeza kuzitazama. Akampa mzee mmoja noti zilizokunjwa, tukaondoka. Hatukuwa tumemaliza dakika kumi na tano. Katika karatasi ya bei tuliyopewa asubuhi, "ziara ya kijiji" ilikuwa na gharama yake pembeni, kwa kila kichwa, nasi tulikuwa kumi na wanne. Zile noti hazikufanana hata kidogo na hesabu hiyo.

Sasa linganisha na siku nyingine nilipokwenda na rafiki zangu wawili, tukamtafuta mwendesha mashua pale pale Kampi ya Samaki, kijana wa Kiilchamus. Kabla hatujafika mbali alizima injini karibu na miti mikavu iliyochomoza majini kama vidole. Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Hapa ndipo tulipokuwa tukicheza mpira." Ziwa lilianza kupanda mwanzoni mwa miaka ya 2010, likazidi sana kufikia 2020. Lilimeza nyumba, shule, zahanati, mashamba na hoteli za ufukweni, na watu wakahama zaidi ya mara moja. Kijana huyo alituonyesha kwao kwa kidole. Palikuwa maji matupu, na kiboko mmoja.

Ni yeye pia aliyetueleza habari za twiga, ambazo watoto wako watazipenda kuliko zote. Kulikuwa na rasi iitwayo Longicharo, ambako twiga wa aina ya Rothschild walirudishwa mnamo 2011 baada ya kutoweka eneo hilo kwa miaka mingi. Maji yalipopanda, rasi ikawa kisiwa na twiga wakanaswa. Kuanzia Desemba 2020 hadi Aprili 2021 walivushwa kwa chombo cha vyuma kilichotengenezwa maalumu, mmoja mmoja au wawili wawili, hadi nchi kavu katika hifadhi ya jamii ya Ruko. Lile jina Ruko limetokana na Rugus, wanakoishi Wailchamus, na Komolion, wanakoishi Wapokot. Wazee wa pande hizo mbili, ambao vijana wao waliwahi kuuana kwa ajili ya mifugo, ndio walioanzisha hifadhi hiyo pamoja. Twiga walikuwa sehemu ya mapatano.

Kijana alitupeleka Ol Kokwe, kisiwa kikubwa cha mawe ya volkano chenye chemchemi zake za moto. Alikuwa amepiga simu mapema kuuliza kama tunaweza kuja. Tulipokelewa na bibi mmoja, ambaye yeye alimwita koko, yaani nyanya kwa Kimaa. Tukasalimiana, tukapewa viti vya chini, tukanywa chai. Hakuna aliyeimba. Badala yake koko alianza kutuhoji. Watoto wangapi? Mume yuko wapi na kwa nini hakuja? Akataka kujua chumba kimoja Nakuru kinalipiwa kiasi gani kwa mwezi. Tulipomwambia alinyamaza kidogo, akatikisa kichwa kwa huruma ya kweli, akauliza, "Na mbuzi mnaweka wapi?" Rafiki yangu mmoja alicheka hadi chai ikampalia. Hatukuwa tumeleta majibu ya maana.

Pesa? Tulilipa, na tulilipa vizuri. Bei ilitajwa mapema, na ilitumwa kwa M-Pesa kwenye nambari ya kikundi cha akina mama, mbele ya koko na wenzake watatu. Mashua tulimlipa kijana mwenyewe. Shanga tulinunua kwa aliyezishona, bila kubishana bei kama tuko soko la Wakulima. Picha tulipiga mbili tu, baada ya kuomba, na mojawapo koko alitaka atumiwe mjukuu wake aliyekuwa Eldoret.

Basi ukitaka kwenda, msomaji, piga hesabu kabla ya kulipa chochote mjini. Muulize mwenye gari kijiji mnachokwenda kinaitwaje. Asiyejua jina la kijiji hana makubaliano nacho. Uliza ni nani huko anayelipwa, na kiasi gani. Mfanyabiashara mwaminifu hatakasirika, na wapo kadhaa wa aina hiyo Nakuru. Ukiwa na gari lako, au mkiwa familia mbili mnaochanga mafuta, hamhitaji kampuni kabisa. Lipa kiingilio langoni Bogoria, chukua mwongozaji hapo, kisha Kampi ya Samaki waulize waendesha mashua. Wanafunzi wasio na gari wanaweza kupanda matatu za Marigat kutoka Nakuru kisha bodaboda, ingawa kwa njia hiyo ni afadhali kuchagua ziwa moja tu kwa siku. Viingilio hubadilika, kwa hivyo ulizia vya sasa na usitegemee alicholipa shemeji yako mwaka juzi.

Kuna jambo moja ambalo vijitabu vya utalii hulirukia. Sehemu za Baringo zimekumbwa na wizi wa mifugo wa kutumia silaha kwa muda mrefu, hata mnamo Februari 2023 serikali ikatuma wanajeshi kusaidia polisi katika kaunti kadhaa, Baringo ikiwemo. Barabara kuu ya Marigat na Kampi ya Samaki kwa kawaida hutumiwa mchana bila matatizo, lakini hilo halikupi ruhusa ya kujiamulia njia za vumbi kuelekea Mukutani au Tiaty. Piga simu kwa mwenyeji siku moja kabla. Akikuambia usije, usije. Wenyeji ndio wanaoumia zaidi na vita hivyo, na ni wao wanaojua lini pametulia.

Kwa wale ambao mfuko haujaruhusu Baringo mwezi huu, kuna kijiji kingine kisichodai nauli kubwa. Kiko Hyrax Hill, kilomita chache tu kutoka katikati ya jiji, pembeni mwa barabara ya Nairobi. Mary Leakey alichimbua hapo mnamo 1937 na 1938, akapata makazi na makaburi ya watu wa zamani sana. Kuna jumba dogo la makumbusho, na kuna mashimo ya bao yaliyochongwa kwenye mwamba. Wakazi wake hawapo tena wa kukuhoji kuhusu kodi ya nyumba, lakini watoto wanaweza kutafuta kokoto na kucheza bao pale pale walipochezea wao.

Waliokwenda Baringo nao waanze kurudi kufikia saa kumi, ili giza lisiwakute kati ya Marigat na Mogotio, ambako mbuzi hawana taa za nyuma. Njiani mtawaona wauzaji wa asali wakiwa na chupa zilizopangwa juu ya meza, nyingine ya dhahabu na nyingine nyeusi kama chai ya rangi. Simameni. Onja kabla ya kulipa, muuzaji mwenyewe atakupa kijiti. Ile nyeusi si kwamba imeungua, ni ya maua tofauti, na kwa kikohozi cha baridi ya Nakuru wengi wetu tunaipenda hiyo zaidi. Msalimie kwa Chamgei, umalizie kwa Kongoi, uone kama hatakuongezea kijiko.